Viza ya Neema na Mgomo Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Kuna jambo nimewaficha wanangu tangu kabla hawajazaliwa. Mama yao nilimficha hadi nikamzika. Daktari amesema moyo umechoka. Basi niandike.
Uji. Vidonge. Blanketi. Ukungu umekaa Mjimwema, hapa Njombe, tangu alfajiri. Neema, mjukuu wangu, amepiga simu ubalozini tena. Maofisa wa viza bado wamegoma. Pasipoti yake imo humo humo, haitoki.

Jumatano, 5 Juni
Baridi kali. Chuo cha ng'ambo kimemwandikia Neema: hadi Ijumaa awe ameomba kuahirishiwa masomo, la sivyo nafasi yake atapewa mwingine. Hataki kuomba.
"Hata wewe, babu, maofisa waligoma ukakosa masomo. Ukoo wetu hauna bahati na ng'ambo."
Nikavuta blanketi. Mwoga.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeikumbuka ibada ya kuniaga niende ng'ambo kusoma. Nilikuwa mwalimu kijana. Kanisa lilijaa, kwaya ikaimba Kibena. Mama alinifunika blanketi jipya mbele ya watu wote. Nje wazee walikunywa ulanzi, pombe ya mianzi, na kunitania: "Ukirudi na mke Mzungu, tutamsalimia kamwene. Asipoitika, umrudishe!" Mchumba wangu alicheka hadi machozi. Sijapendwa tena namna ile.
Tulipooana, aliwashtaki maofisa wale wa viza kwa Mungu katika kila sala. Miaka yote. Nami nikaitikia amina.
Neema anasema atakwenda Makambako kuuza viazi na shangazi yake. Si kazi mbaya. Lakini haifuati kwa kupenda. Anaufuata uongo wangu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemwita asubuhi, nikamwambia yote. Hakupaza sauti.
"Na bibi hakujua?"
Hakujua.
Akatoka. Saa nane amerudi, macho mekundu. "Nimeshatuma ombi. Kunywa uji, babu, unapoa."

Jumapili, 9 Juni
Jua kidogo kibarazani. Chuo hakijajibu. Mgomo unaendelea. Neema amenifunga vifungo vya sweta.
Nililomwambia ni hili. Enzi zangu hakuna ofisa aliyegoma. Viza ilikuwa imeshagongwa, nilikuwa nayo mfukoni. Treni ya kunipeleka pwani kupanda ndege ilifika Makambako, ikasimama, ikaondoka. Sikupanda. Nilikaa gesti siku tisa nikitunga la kusema, kisha nikarudi Njombe. Niliogopa tu.