Diwani na Magoti Yangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Meneja mpya ameitisha kikao. Anaitwa Gregory, ana miaka ishirini na tisa na kompyuta ya kubeba mkononi. Tumekwisha.

Kuanzia mwezi ujao mbwa wa kampuni hawatakuwa mbwa tu, amesema. Watakuwa mbwa wenye vyeti. Mwenye yadi ya kuchenjulia dhahabu tunayoilinda hapa Kahama amechoka na mbwa wa kubweka ovyo, anataka mbwa wa kutii. (Watu wa kutii anao tayari. Ndio sisi.) Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 6 Septemba kampuni zote za ulinzi mjini zitashindanisha mbwa kwa utii. Atakayefuzu anapewa cheti. Asiyefuzu "ataondolewa kikosini".

Nikauliza kuondolewa maana yake nini. Gregory akafunga kompyuta. Mwaka jana waliondolewa wawili: walikwenda nyuma ya stoo na daktari wa mifugo, daktari akarudi peke yake.

Diwani, mbwa ninayemshika mimi, alilala chini ya kiti changu kikao kizima. Akikoroma! Jina alipewa na mshika mbwa wake wa kwanza, eti kwa sababu haonekani mpaka kuwe na chakula.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepewa karatasi ya masharti. Kurasa nne. Hata kitabu changu cha ndoa hakikuwa na masharti mengi hivi, na mume alionekana mzigo mkubwa zaidi.

Mbwa atembee kando ya mshikaji bila kuvuta kamba. Akae. Alale. Abaki. Aje akiitwa. Halafu la mwisho: asimame wima, jaji amwendee, asemezane na mshikaji, kisha amshike mbwa kichwa, mgongo na mkia. Mbwa akilala hapo, hakatwi alama. Amefeli. Basi.

Mepesi yote, nikajisemea. Diwani ninaye mwaka wa nne. Nilimpokea akiwa mdogo, yule mshikaji wa kwanza alipokaa naye wiki mbili akakimbilia machimboni. Mwaka uleule mume wangu Bujiku naye akaenda machimboni Runzewe, kutafuta maisha. Nadhani bado anayatafuta. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Pasaka.

Jumapili, 10 Agosti

Mazoezi kwenye kiwanja cha wazi karibu na nyumbani, Nyahanga. Diwani ametembea vizuri, amekaa, amelala, amekuja nilipomwita. Mara moja tu aliondoka bila ruhusa, kumfuata mama wa dagaa. Sikumlaumu, zilikuwa dagaa nzuri.

Davis wa kampuni ya jirani alikuwepo na mbwa wake mkubwa mwenye masikio ya kusimama. Yule anaamrishwa kwa Kiingereza tu. Davis mwenyewe Kiingereza chake kinaishia kwenye amri sita. Mkewe anasema sasa naye anaamrishwa kwa hizohizo sita.

Alhamisi, 14 Agosti

Kuna tatizo.

Leo tumefanya lile la kusimama. Gregory amejifanya jaji: akaja, akamshika Diwani kichwa mpaka mkia. Diwani akasimama kama nguzo ya umeme. Safi! Kisha Gregory akataka jaji mwingine, akamwita Mzee Salmini, bawabu wetu. Mzee akaja taratibu na fimbo yake. Diwani, pu! Chini. Kidevu kwenye vumbi.

Tukarudia mara sita. Gregory akija, mbwa anasimama. Mzee Salmini akija, mbwa analala. Mzee akaanza kuudhika, akauliza yeye ana nini.

Gregory akapekua kwenye simu yake dakika kumi, akatoa jibu. Mbwa ana msongo wa mawazo unaoletwa na wanaume wenye umri. Nikamwambia kama ni huo hata mimi ninao. Hakucheka. Akaandika kitu kwenye kompyuta mbele ya jina la Diwani.

Usiku nimekula nusu sahani. Sikuwa na njaa.

Ijumaa, 15 Agosti

Ukweli umetoka kwa Zuleha, na Zuleha hajawahi kumgusa mbwa maishani mwake.

Duka lake la mchele linatazamana na kiwanja. Ni mtu wa swala tano, pua ya mbwa haitaki karibu na nguo zake, kwa hiyo hutuangalia kwa mbali, kwenye kigoda chake. Leo nilimwomba Mzee Salmini aje tena baada ya zamu. Akaja. Diwani akalala. Zuleha akapaza sauti kutoka dukani: Klara, mbona wewe ndiye unamlaza?

Nikamwambia sijasema neno. Akasema mdomo haujasema, goti limesema.

Nikarudia huku nikijitazama. Mzee akaja, nikasema shikamoo — na goti langu la kulia likaenda chini lenyewe, kama lilivyokwenda tangu nina miaka mitatu. Diwani naye chini. Kumbe! Alipokuwa mdogo alikuwa akiwarukia wazee njiani. Kila nikisalimia nilikuwa namkandamiza chini palepale, mimi nimepiga goti, mkono mgongoni mwake. Asubuhi na jioni, njia nzima ya Nyahanga, wazee wote wa Kisukuma wanaoota jua mlangoni. Miaka minne. Mtaa mzima ukamsifu, mbwa mwenye adabu, mbwa anayeamkia wakubwa. Nami nikavimba kichwa.

Gregory akija goti haliendi popote. Nimemzidi miaka tisa.

Jumanne, 19 Agosti

Kumsahaulisha mbwa jambo la miaka minne kwa wiki tatu haiwezekani. Nimejaribu. Nikipiga goti na kumwambia simama, anasimama mara tatu kati ya kumi, nazo kwa kunionea huruma. Kilichobaki ni kunifundisha mimi.

Zuleha amejiteua kuwa mkufunzi. Amenifunga mwiko wa ugali nyuma ya goti kwa kitambaa, chini ya sketi. Nikitaka kukunja, unanichoma. Yeye anakaa kwenye kigoda chake na kusema "tena". Mzee Salmini anapita, nasema shikamoo nimesimama, Diwani anasimama. Mzee anajibu marahaba huku anatazama pembeni, kama amenikuta naoga.

"Tena," anasema Zuleha. Nadhani anafurahia.

Jumamosi, 23 Agosti

Siku ya pili bila mwiko. Napita Nyahanga na magoti yamenyooka. Diwani hajalala hata mara moja. Tunafuzu!

Upande wa pili, nimekuwa mtu wa ovyo. Bibi mmoja alinijibu marahaba kwa shingo upande, halafu nikamsikia nyuma yangu akimwambia mjukuu wake kwamba Klara amepandishwa cheo, ndiyo maana viungo vimekauka. Cheo gani? Nashika kamba ya mbwa. Mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana naye amenipigia simu kuuliza kama nimebadili dhehebu.

Nimeeleza mara mbili kwamba ni kwa ajili ya mbwa. Haisaidii. Inaharibu zaidi.

Alhamisi, 28 Agosti

Gregory, maana sisi ndio wenyeji wa mashindano, amemtangaza kiongozi wa majaji watatu. Ametafuta mtaalamu, amesema, mtu mwenye jina, aliyeongoza mbwa wa ulinzi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui miaka ishirini na minane. Mzee Masele.

Nikaomba nikae chini. Nilikuwa nimeshakaa.

Mzee Masele ni baba yake Bujiku. Baba mkwe wangu. Tangu niolewe sijawahi kumwamkia bila magoti yote mawili kugusa ardhi, na yeye hajawahi kuitikia kabla hayajagusa. Ana mambo mawili tu anayojivunia duniani: mbwa wake wa zamani na heshima ya nyumba yake.

Nilimweleza Gregory kuwa huyu ni mkwe. Akasema vizuri sana, wazee wa namna hiyo hawapendelei ndugu. Kwa mara ya kwanza tangu aje amesema kitu cha kweli.

Alhamisi, 4 Septemba

Wakwe wamefika. Watalala kwangu siku tatu. Kampuni imeokoa gharama ya gesti.

Nimewapokea kwa magoti mawili, ningefanyaje? Diwani akalala kando yangu, kidevu chini. Mzee Masele akasimama anamtazama, na ule uso wake ambao haujacheka tangu harusi yangu ukalegea. Akasema kwa kumwambia mkewe, maana mimi hasemi nami moja kwa moja: huyu mbwa amelelewa.

Maji ya kunawa, goti, mbwa chini. Chakula, goti, mbwa chini. Wiki mbili za mazoezi zimeliwa kwa siku moja. Na mzee anafurahi! Kila mbwa anapolala, anafurahi.

Ijumaa, 5 Septemba

Mambo ya namna hii huwezi kumwambia baba mkwe. Hata kumtazama usoni siwezi. Njia ni moja, mama mkwe. Bi Mageni.

Nikamfuata jikoni anachambua mchicha. Nikamweleza yote: kesho nitasimama mbele ya baba, sitapiga goti, si kiburi, ni sharti la mwisho la mashindano, naomba amfikishie. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: kwa ajili ya mbwa?

Nikasema ndiyo, mama.

"Yaya," akasema. Hapana yake ya Kisukuma, haina rufaa. Yeye habebi ujumbe huo. Akanihadithia alivyoolewa: siku moja alipiga goti kwenye tope kumwamkia baba mkwe wake anayepita na baiskeli, na yule mzee hata hakupunguza mwendo. Nikamuuliza aliipenda siku hiyo? Akasema nilete chumvi.

Nikaleta chumvi. Kisha nikatoka nyuma ya nyumba nikakaa na Diwani. Hapa hakuna anayesoma, kwa hiyo niandike tu: nampenda mbwa huyu. Nikirudi ananisikia tangu kona ya kwanza. Sina mwingine anayenisikia tangu kona ya kwanza. Kesho nikipiga goti, Jumatatu anakwenda nyuma ya stoo. Sipigi.

Jumamosi, 6 Septemba, saa nane mchana

Naandika uwanjani, kwenye turubai la washiriki. Matokeo bado.

Diwani alitembea, akakaa, akalala, akabaki, akaja. Mbwa wa Davis alikataa amri ya tatu, labda alitaka tafsiri. Kisha likaja la kusimama. Nikasema simama. Diwani akasimama.

Mzee Masele akaja. Koti la kaki limepigwa pasi. Akasimama hatua mbili mbele yangu na kusubiri. Hakumshika mbwa, alisubiri tu. Masharti yanasema jaji asemezane na mshikaji. Kwake mkwe ndiye anayeanza.

"Shikamoo, baba."

Nimesimama wima, kama mtu anayepimwa urefu. Nyuma mtu akaguna, mguno ukazunguka uwanja mzima. Bi Mageni, mstari wa mbele, alijifunika mdomo kwa khanga. Mzee akatazama magoti yangu. Diwani naye alikuwa anatazama magoti yangu. Uwanja mzima ulikuwa unatazama magoti yangu, na sijawahi kuona aibu kama ile, hata siku mahari yangu ilipojadiliwa nikiwa nyuma ya pazia nasikia.

Marahaba haikuja. Akamshika mbwa kichwa, mgongo, mkia. Diwani alitetemeka miguu ya nyuma. Hakulala! Mzee akaandika kwenye karatasi, muda mrefu mno. Akaondoka.

Sasa ndiyo hivi. Majaji wenzake wawili wamekabidhi karatasi kwa Gregory. Mzee Masele amekataa. Gregory amekuja kunieleza kwa kunong'ona: amesema kuna mbwa mmoja hajamaliza naye. Karatasi bado haina sahihi.

Anakuja huku. Anavuka uwanja taratibu, karatasi mkononi. Bi Mageni ameinuka kwenye kiti chake na ananionyesha kiganja: chini, chini.

Labda anakuja kuchukua salamu yake, na nisipompa hatatia sahihi. Labda ameshaona kila kitu. Huyu alikaa na mbwa miaka ishirini na minane, amemwona Diwani akilala kila nikipiga goti siku mbili mfululizo, anajua amri inatoka wapi. Basi anakuja kumpima tena, na nikipiga goti tumekwisha. Usoni mwake huwezi kusoma lipi. Zuleha yuko kule kwenye uzio na hasemi "tena".

Hatua ishirini. Nimeinuka, naandika nimeegemeza daftari kwenye nguzo ya turubai. Bi Mageni bado na kiganja chake.

Hatua kumi. Diwani amesimama kando yangu. Sijamwamuru.