Kanda Zinazotulia Kwenye Deki Yangu Tu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na usinicheke, maana mimi si mtu wa kuandikia magazeti, mimi ni mpiga video wa hapa Nyasubi, Kahama, naitwa Maige, na bila kujisifu hakuna harusi wala ngoma ya maana kuanzia hapa mpaka Bulyanhulu ambayo sijaitwa, na hata kupanga picha nimejifundisha mwenyewe, kamera naiunganisha na deki kwa waya, natafuta kipande kizuri, narekodi, nasimamisha, natafuta kingine, mpaka kanda inatoka utadhani imetengenezwa Ulaya.

Mwanzoni mwa mwaka jana deki iliingia vumbi, picha ikaanza kuruka, nami sikutaka kumsubiri fundi, nikaifungua, nikaona viguzo viwili vidogo vinavyoongoza kanda, nikageuza skrubu zake kwa bisibisi, taratibu, mpaka picha ikasimama, na tangu siku hiyo kila ninachorekodi humo kinatulia kabisa, ila wateja wakifika nacho nyumbani wanarudi kulalamika kwamba picha inatetemeka, ina mistari myeupe, sauti inakoroma, nami nikiiweka kanda kwenye deki yangu wanaona wenyewe haina kasoro, basi nawaambia wakanunue deki za maana. Hata filamu ninazoazima kwa watu siku hizi zinatetemeka kwangu, watu hawajui kutunza kanda.

Sasa yupo Mama Lusia, mjane wa Nkwabi, yule manju wa ngoma ya kulima, na huyo Nkwabi Sabasaba ya mwaka jana nilimrekodi akicheza, na mshauri, kazi ile naiona fahari mpaka leo, kwa sababu alirusha jembe juu likazunguka, nami nikalifuata kwa kamera mpaka likamrudia mkononi, na umati mzima ukahama kutoka kwa wapinzani ukaja kwake, na ushindi wa manju si ndio huo. Mwezi wa tano mwaka huu Nkwabi alifariki, hakuna picha yake nyingine akicheza, na ile kanda ya kamera nilisharekodia harusi juu yake, maana kanda ni ghali. Mama Lusia akajinyima akanunua deki yake, mpya kabisa, akaiweka ile kanda niliyowatolea kwenye deki yangu, akaona mistari tu, akaniletea. Kwangu ikacheza vizuri, majirani wamejaa mlangoni, nikamwambia, "Mayu, mama yangu, kazi yangu haina tatizo, wamekuuzia deki mbovu." Akaichukua kanda yake akaniambia, "Maige, nilikuja kumwangalia mume wangu, sikuja kuambiwa nimenunua takataka," akaondoka, na sasa tukikutana sokoni namwamkia shikamoo anaitikia marahaba huku anatazama pembeni.

Watoto wake wanakuja wote mwisho wa mwezi ujao kumaliza matanga na wanataka kumwona baba yao, na mimi nimeshakubaliana na Donatus, mnunuzi wa dhahabu, kwamba wiki moja kabla ya hapo atachukua deki yangu, maana ameona inavyotuliza picha, na kuniachia yake mpya, hii ya kwangu aipeleke kwa fundi Mwanza ikafunguliwe na kunyooshwa, kama afanyavyo kwa kila deki anayoichukua, kisha aitumie kwenye kibanda chake cha video kule Nkome. Je, huyu mama nimweleweshe vipi, na nifanye nini ili watu waheshimu kazi yangu?

Maige, Kahama

Maige,

Barua yako nilimsomea mume wangu, ambaye ni fundi wa redio na deki. Nilipofika pale pa bisibisi akaniomba nirudie, kisha akashika kichwa.

Kwanza, mwambie Donatus leo hii kwamba hachukui kitu. Ukimaliza hilo ndipo uendelee kusoma.

Deki za mji mzima haziwezi kuwa mbovu ikabaki nzima yako peke yake. Ulipogeuza zile skrubu uliipindisha njia ya kanda, na tangu hapo deki yako inarekodi ikiwa imepinda na kusoma ikiwa imepinda vilevile, kwa hiyo inajielewa yenyewe tu. Kanda zako zinatetemeka kwa wenzako, na za wenzako zinatetemeka kwako. Umeniandikia yote mawili kwa mkono wako na bado ukamlaumu mjane.

Sasa elewa ulichokuwa unataka kukitoa. Siku fundi wa Mwanza atakapoinyoosha hiyo deki, haitabaki mashine hata moja ya kuisoma vizuri kanda ya Nkwabi, wala harusi zote ulizorekodi tangu mwaka jana. Kwa hiyo usiiguse skrubu, na wala usiitengeneze bado. Azima deki nzima. Iunganishe kwa waya na ya kwako: ya kwako icheze, ile nzima irekodi kwenye kanda mpya. Anza na ya Mama Lusia. Rangi itafifia kidogo, hilo halikwepeki. Ukimaliza, vunja kile kiplastiki kidogo cha mgongoni mwa kanda mpya ili mtu asije akarekodi juu yake, halafu ijaribu kwenye nyumba tatu tofauti, si kwako. Ikitulia kote, waite wateja wengine wote na kanda zao, ufanye hivyo hivyo bila kuwadai chochote. Kanda ya mwisho ikishatoka ndipo deki iende kwa fundi. Na kanda ya kamera yenye mtu akicheza hairekodiwi harusi juu yake, hata kama ni ghali.

Mama Lusia hahitaji kueleweshwa. Ulimwaibisha mbele ya majirani, basi kamwombe radhi mbele ya majirani hao hao, useme deki yake ni nzima na kosa ni lako.

Naona aya zangu zimekuwa kali. Lakini kijana aliyelifuata lile jembe mpaka likarudi mkononi anajua kazi, na mimi binafsi najivunia kwamba tunaye mtu wa namna hiyo Kahama. Mume wangu naye kasema hivyo hivyo. Heshima unayoitafuta ipo, ila si ya kuipigia kelele mlangoni kwako. Siku Mama Lusia na watoto wake watakapomwona Nkwabi akicheza, kwenye deki yao, sebuleni kwao, na wewe haupo hapo kuwaeleza chochote, siku hiyo jisifu.

Mshauri wako