Wimbo wa Kijapani wa Gredi ya Pili

Manga, Jumapili

Kwako ndugu yangu Gibson,

Sisi tuko, na mvua ipo. Majani chai tunayachuma yakiwa yamelowa.

Zile nyimbo saba ulizotutumia kutoka Japani tulizijaribu zote na watoto wa gredi ya pili. Ya kwanza ilienda mbio mno, watoto wakagongana. Mwalimu mkuu aliuliza maneno yake yanasema nini, nikamwambia Mungu ndiye anajua. Mwishowe nilichagua ile ya makofi, ambayo binti yako Nyangate alikuwa akiiimba kabla homa ya mapafu haijamchukua.

Siku ya michezo watoto walicheza vizuri, wazazi wakashangilia. Nilikuwa nimewaambia watoto wazibe nafasi ya Nyangate kwenye mstari, lakini walikataa. Kila wimbo ulipofika mahali pa kushikana mikono, rafiki yake Adhis alinyoosha mkono pembeni, akashika hewa, akazunguka nayo.

Tangu tumzike Nyangate, hujapiga simu hata mara moja. Unatuma nyimbo tu. Mama ameacha kuuliza.

Video ya watoto ninayo, Gibson, lakini siitumi. Utaiona ukija, ukishatoka kaburini kwake.

Dada yako na mwalimu wake,
Celestine