Hatukai na Mlinzi

Alhamisi, 16 Januari
Viti, chai ya tangawizi, mlango umefungwa. Kundi langu la wanaume weusi hapa Rexdale, ughaibuni. Kazi yangu ni kuwapa ushauri nasaha. Leo nimesikiliza tu. Mgeni: Désiré, Mkongo, mpakiaji wa bohari karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa anapasha gari lake moto asubuhi, polisi wakamlaza kifudifudi kwenye theluji. Walidhani ameliiba. Binti yake anaona yote dirishani. Alisimulia huku anacheka. Kicheko hicho nakijua. Kinaniuma kuliko kilio. Wenzake wakapandisha sauti, wakapiga meza. Sawa. Wapi pengine watapiga?

Jumatatu, 20 Januari
Meneja wa kituo cha jamii tunapokutania kaniita. Wa ofisi ya chini wamelalamika: wale wanaume wanatisha. Kuanzia wiki hii mlinzi mwenye sare atakaa nasi chumbani. "Ni kwa usalama wako, Neema."
"Usalama wangu na nani?"
Akatazama simu yake.
Darasa la zumba, mazoezi ya kucheza muziki, hutetemesha kuta. Halina mlinzi.

Jumatano, 22 Januari
Nimekataa. Mlinzi akiingia, sisi tunatoka. Meneja kasema basi, chumba hakuna, na mkataba wangu utaangaliwa upya. Naogopa. Sirudi nyuma.
Jioni nimempigia Bi Philomena, Mgoa wa Nairobi, mstaafu, muumini wa parokia yetu. Hakuuliza maswali mengi. Kaongea na padri, tumepewa ukumbi wa chini wa kanisa.

Alhamisi, 23 Januari
Wamekuja wote. Hita mbovu, tumekaa na makoti. Nimewaeleza kwa nini tumehama, bila kupamba. Désiré akasimama.
"Ni motokari yangu! Mama Neema, ni yangu! Mbele ya mtoto wangu!"
Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyemwambia apunguze. Tulimwacha anyamaze mwenyewe.

Ijumaa, 24 Januari
Barua pepe ya meneja: mkataba umesitishwa. Nimeisoma nimesimama jikoni. Sijutii. Nimepika wali wa nazi, nimekula polepole.
Mchana Désiré kanitumia ujumbe. Jana, kwa mara ya kwanza tangu siku ya polisi, amelala usiku kucha, hakushtuka hata mara moja. Mkewe kaja kumgusa paji la uso, akidhani anaumwa.