Gundi ya Unga wa Muhogo

Kisarawe, 12 Machi 1950

Kaka Pazi,

Shikamoo. Mvua bado, na muhogo umekauka shambani.

Uliuliza habari za vile vijigazeti vyetu vya kuandika kwa mkono. Tumevipanga katika chumba cha nyuma ya madrasa, hadithi huku, mashairi kule. Watu walikuwa wakijitolea. Bi Siwema alikuwa akipika gundi ya unga wa muhogo, nasi tukibandika kurasa zilizochanika. Mende wakawa wanaila, basi akatia mrututu.

“Hii sasa sumu, msilambe vidole.”

Tukamcheka. “Bibi, nani alambe gundi?”

Mdogo wetu Abeid hakuwepo aliposema. Alikuja mchana kunitafuta, hajala tangu jana yake. Akaona sufuria, akadhani uji.

Tulimzika Alhamisi. Mama alikataa usipigiwe simu, akisema utaacha kazi.

Bi Siwema hatoki ndani. Mama alimwendea, akamwambia, “Dada, mwanangu kauawa na njaa.”

Chumba tumekifunga. Siku tukipata unga, mama huonja uji yeye kwanza, akangoja kitambo, ndipo hutupakulia.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanakheri