Hawataandika Kwamba Hukujua Kuchoka

Jumatano, tarehe 13 Agosti. Baharini.
Miezi saba na siku tatu tangu nitoke nyumbani. Miezi mitano tangu wakuzike bila mimi.

Mama,

Leo nimekaa tu. Niko kwenye kiti cha kulalia, juani, na sina kazi yoyote. Najua ungeniuliza, "Baba, wewe ni mgonjwa?" Mimi si mgonjwa. Nimepewa siku ya mgeni. Katika meli hii huwa wanachagua mfanyakazi mmoja mmoja kutoka kule chini, wanampa siku moja apande juu aishi kama abiria. Anakula wanapokula, anaogelea akitaka, na anaitwa bwana. Safari hii imeangukia watu wa dobi, na katika dobi imeniangukia mimi.

Nilikueleza kuhusu dobi lakini nadhani hukuniamini. Kwamba kuna watu wanafanya kazi chini ya maji, bila dirisha, na kazi yenyewe ni taulo na mashuka tu, tangu tunapoamka hadi tunapolala. Siku kama ya leo, ambayo meli haisimami mji wowote, sisi tunaichukia. Abiria hawana pa kwenda, wanalala kando ya bwawa kutwa nzima, kila mtu na taulo tatu, nne. Starehe yao inatushukia kwa bomba la kutupia nguo chafu ikiwa imelowa maji. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeiona inakotoka.

Nakuandikia kwa sababu nina hasira. Na nataka uwe wa kwanza kusikia nilichofanya leo, kabla kaka Mbugua hajafika hapo kaburini kunishtaki kwako.

Wacha nianze na asubuhi. Nilivaa shati lile la bluu ulilonipigia pasi nikiondoka. Nikapanda juu, nikachagua kiti, nikalala chali. Mama, haki ya Mungu, kukaa ni kugumu. Mgongo ulikuwa umelala lakini mikono ilikuwa inatafuta kitu. Watu wa kiti cha jirani wakaondoka, wakaacha taulo mbili chini. Nikaziokota, nikazikunja. Halafu nikaona nyingine. Kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimekunja taulo za safu nzima, nimezipanga kama tunavyozipanga chini, mshono ndani. Kijana wa kuhudumu, mtu wa Indonesia, akanijia mbio akaninong'oneza, "Rafiki, unataka nifutwe? Wakiona mgeni anafanya kazi yangu watasema mimi nilikuwa wapi?" Akamwita bosi wangu wa dobi, Rey. Rey alipanda juu na sare yake yenye jasho, akanitazama na lile furushi langu, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia, "Kinuthia, leo wewe ni bwana. Bwana hakunji. Keti!"

Nikaketi. Ndipo nikamwona yule mama.

Ni mzee kama wewe, labda amekuzidi miaka michache. Alikuwa hapo kabla yangu na yuko hapo hata sasa ninapoandika. Amevaa kofia kubwa, ana kitabu ambacho hakisomi. Miguu yake ameiinua juu ya mto. Niliangalia hiyo miguu nikashindwa kuondoa macho, kwa sababu ilikuwa ni yako. Imevimba pale pale, kwenye vifundo, na ngozi inang'aa. Aliona ninaangalia. Hakukasirika. Aliniambia kwa Kiingereza cha polepole, "Daktari alisema niipumzishe. Mimi ni mtu mtiifu sana." Akacheka, akaagiza chai.

Wewe pia daktari alikuambia. Mimi ndiye niliyekupeleka kliniki kule Thika, nikasikia kwa masikio yangu. Akasema ukae, uinue miguu, upunguze kusimama. Ukamjibu, "Asante sana daktari," kwa adabu zote. Tulipotoka nje ukaniuliza, "Na githeri ya wateja itajikoroga sufuriani?"

Sikumchukia yule mama. Nilitaka tu kumuuliza ilikuwaje yeye akasema ndiyo.

Sasa nikuambie ya Mbugua. Jana alituma picha kwenye kikundi cha familia. Wamepata jiwe la kaburi lako, jiwe zuri, limetoka machimbo ya Kalimoni, na fundi ni Ndung'u, yule niliyekata mawe naye miaka sita, ambaye alikuwa anakula kwako na kudai nyama imejificha chini ya sufuria. Mbugua na watu wa kanisa wameshakubaliana maneno. Jina lako, halafu chini yake kwa herufi kubwa: HAKUJUA KUCHOKA. Akasema Ndung'u anaanza kuchonga Alhamisi, kwa hivyo mwenye neno aseme kabla ya hapo. Watu wote wakaandika amina. Amina, amina, amina, mpaka skrini ikajaa. Na wale wale chini yake wakaandika tena, pumzika kwa amani Mama Mbugua.

Sasa ndipo wanakuambia upumzike.

Nililala na hayo maneno, nikaamka nayo. Hakujua kuchoka. Nani alisema? Kwenye kibanda chako pale machimboni kulikuwa na benchi mbili, na mimi sijakuona umekalia hata moja. Zilikuwa za wateja. Sisi tulikaa, na vumbi letu la mawe, tukanyoosha miguu, tukaita "Mama, ongeza supu!" Mimi pia niliita. Mimi mwanao nilikaa nikaita, na ukaniletea umesimama. Nilipopata kazi ya meli nikakununulia kile kiti cha kuegemea kule Thika, nikasema sasa utakaa. Ukakivalisha kitambaa ulichoshona mwenyewe, ukasema ni cha wageni. Akakikalia pasta. Wakakikalia wakwe. Kwenye picha za matanga nimemwona Mbugua amekikalia, na karatasi ya nailoni ya dukani bado iko kwenye miguu ya kiti.

Lakini jioni, ukishafunga kibanda, ulikuwa unaweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Mbugua alikuwa ameshahamia kwake Kahawa Sukari, hakuwahi kuliona hilo beseni. Ni mimi niliyelijaza. Na ulikuwa unaniambia, mimi peke yangu, "Baba, hii miguu inalia." Siku moja ulisema, "Nimechoka mpaka nywele." Ukaona aibu, ukaniambia nisimwambie mtu.

Sikumwambia mtu. Hapo ndipo nilipokosea. Ningepiga kelele kijiji chote cha Murera. Nilikaa na siri yako, nikachukua begi, nikaondoka Januari, na wewe ukanisindikiza mpaka barabarani umelibeba hilo begi upande mmoja. Mwezi wa tatu ukaanguka kando ya moto na mwiko mkononi. Pasta akasema umeitwa ukiwa kazini, na watu wakapiga makofi. Nilikuwa naangalia kwenye simu, nimekaa kwenye ngazi za wafanyakazi huku meli ikitikisika. Makofi, Mama. Kwenye mazishi.

Sasa nisikilize, hapa ndipo nilipofika leo.

Huku nikiwaambia kwamba mama yangu alikuwa ananiita Baba, wananicheka. Nawaeleza kwamba kwetu mtoto wa kiume wa pili huchukua jina la babake mama. Mimi ni Kinuthia, na Kinuthia ni baba yako, kwa hivyo mimi ni baba yako aliyerudi. Wanadhani ni mchezo. Wewe hukuufanya mchezo. Unakumbuka tulipokuwa Ruiru, unachuma kahawa kule shambani, na mimi sijaanza shule? Ulikuwa umebeba gunia, umeinama. Nikakuambia, "Mama, keti hapo." Ukaliweka gunia chini, ukaketi kwenye mchanga, ukawaambia wale wanawake wengine, "Baba amesema. Nitafanyaje?" Nyapara akaja anafoka. Ukamwambia, "Usiniulize mimi, ongea na baba yangu huyu." Wanawake walicheka mpaka wengine wakaketi pia. Nilikuwa najua kuhesabu hadi kumi tu. Nikahesabu hadi kumi, nikaona bado hujachoka kukaa, nikaanza tena moja.

Hiyo ndiyo siku pekee ninayokumbuka umekaa mchana. Na ulikaa kwa sababu nilisema.

Baada ya chakula nikajaribu hivyo hivyo. Nikalala kwenye kiti, nikahesabu hadi kumi, nikaanza tena, nikaanza tena. Mikono ikatulia. Sijui nilihesabu mara ngapi. Maji ni mengi tu huku, hayana mwisho, hayataki chochote kwako. Nilikaa, Mama. Nilikaa vile ulipaswa kukaa. Kisha nikaomba simu yangu ipate mtandao wa abiria, nikaandika kwenye kikundi:

"Mimi sikubali. Mama alijua kuchoka kuliko sisi wote. Ndung'u asichonge. Jiwe lingoje nije."

Nikaambatanisha picha yangu nimelala kwenye kiti, miguu juu. Makusudi.

Mbugua alinijibu kwa sauti aliyorekodi, anapumua kama mtu aliyepanda mlima. "Wewe Kinuthia, unalala kwenye meli unakula kuku, sisi ndio tulibeba jeneza. Nani ameandika kaburini kwamba mamake alichoka? Unataka watu waseme tulimtesa?"

Nikamwandikia, "Ndiyo. Waseme. Mimi na wewe, na wote waliokalia zile benchi."

Hilo la jeneza liliniuma kwa sababu ni kweli. Mbugua si mbaya. Yeye ndiye aliyekuinua pale chini, na najua hilo limemkaa moyoni. Anataka lile jiwe liseme kwamba ulikuwa sawa. Lakini hukuwa sawa, na sitaweka jina lako juu ya uongo ati kwa sababu uongo ni mtamu zaidi. Akaandika tena, "Mimi ndiye mkubwa. Nimeamua." Nami nikamjibu, "Wewe ni mkubwa wangu. Mimi ni babake Mama. Baba amesema."



Kisha tata Nyokabi, mdogo wako, akatuma sauti yake. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, unajua anavyofanya. "Ai! Mzee Kinuthia alikuwa hivyo hivyo. Akiketi njiani hata ng'ombe wanamzunguka. Mbugua, achana na baba yangu kabisa. Na hiyo miguu ya dada yangu, hata mimi niliiona. Niliiona nikanyamaza."

Ndung'u naye hakusema mengi. Alituma picha ya lile jiwe. Amelilaza kifudifudi kwenye nyasi, na juu yake ameweka tindo yangu ya zamani, ile niliyomwachia. Chini akaandika, "Njoo ukate mwenyewe, mjeuri wewe."

Mbugua amesoma vyote. Pengine atakasirika mpaka nifike, na sawa, akasirike. Nimekasirikiwa na watu wakubwa kuliko yeye. Nina mikono yangu, na jiwe nalijua kuliko ninavyojua kalamu. Unaona mwenyewe ninavyoandika, darasa la nane limefika mwisho hapa.

Nitakachokata nishakipima kichwani. Halitasimama. Jiwe lako litalala, refu la kukaliwa na watu wawili, juu ya miguu miwili mifupi, na litakuwa benchi. Jina lako nitalichonga ubavuni, si pale pa kukalia, usikaliwe. Maneno ni haya tu: ALICHOKA. MWACHENI AKETI. Anayekuja kukuona ataketi kwanza. Pasta akija, ataketi. Mbugua nitamkalisha mimi mwenyewe, na kile kiti cha kitambaa nitakitoa nailoni, tata Nyokabi achukue, ainue miguu yake, na asimwambie mtu ni cha wageni.

Jua linateremka sasa. Yule mama wa kofia ameamka, amevaa viatu taratibu, ameniaga kwa mkono. Ameacha taulo kwenye kiti. Sijaigusa, Mama. Nimeiangalia tu. Kesho asubuhi itanifikia chini, nitaifua kama zile nyingine.

Barua hii naikunja niiweke kwenye begi, nije nikusomee. Mkataba unaisha tarehe kumi Oktoba. Tarehe kumi na mbili nitakuwa Murera, na sitaingia nyumbani kwanza. Kabla ya kushika tindo nitaketi kando yako pale kwenye udongo, nihesabu hadi kumi, halafu nianze tena.

Hadi siku hiyo usiinuke kwa sababu ya mtu yeyote. Baba amesema.

Ni mimi,
Kinuthia