Visu Vilivyotoka kwenye Sanduku la Baba

Mtaa wa Waswahili,
Rumonge.
Alhamisi, 18 Mei 1972

Mpendwa kaka yangu Shafii,

Asalaam aleikum, amani na amahoro kwa nyumba yako nzima hapo Ujiji. Mguu unaendeleaje? Wifi Mwavita aliniandikia wakati wa Idi Kubwa kwamba unachechemea na hutaki kwenda hospitali. Nenda, kaka. Usingoje mpaka uvimbe ndipo uanze kuwanunia watu. Na mtoto mchanga, ameanza kukaa?

Sisi tu hai. Ningependa kuandika kwamba hatujambo, kama inavyoandikwa siku zote, lakini mkono unakataa. Naogopa, Shafii. Naogopa nikipika, naogopa nikisali, na mlango ukigongwa naruka hata kama ni jirani amekuja kuomba chumvi. Ndiyo maana barua hii haipiti posta. Anaileta Cibalonza, mke wa Casimir, yule Mkongo wa Bukavu aliyekuwa akiziba mianya ya mitumbwi pamoja na baba.

Uliuliza kisu chako kitafika lini. Nianze hapo, kwa sababu balaa lote limeanzia hapo.

Unakumbuka arobaini ya baba ilipopita tulifungua sanduku lake, kila mtu akawa anatazama tezo, misumeno na zile tupa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshika kazi yake ya kuunda mitumbwi. Kuuza vyombo vyake tuliona aibu, kuviacha viliwe na kutu tuliona dhambi. Ndipo mume wangu Abasi akasema atavifua, kila mtoto wa marehemu apate kisu kilichotoka kwenye chuma cha mzee. Tulifurahi wote. Wewe ulipiga makofi.

Abasi aliifanya kazi ile kwa heshima ambayo mimi mkewe sijawahi kuonyeshwa. Alizilaza tupa kwenye makaa mpaka zikawa laini, akazifua, akazipa umbo, kisha akazipasha moto tena na kuzichovya kwenye mafuta ya mawese. Nyumba ilinuka mawese mpaka nguo za kuvaa. Anasema hakuna chuma kigumu kama cha tupa, kisu chake hata mjukuu atakikuta kina makali. Mipini aliikata kwenye mbavu za mtumbwi wa mwisho wa baba. Na karibu na mpini wa kila kisu akagonga ile alama ya mzee, ndoana yenye nukta pembeni, ileile aliyokuwa akiichoma kwenye kila mtumbwi wake. Rumonge nzima inaijua. Casimir naye alipewa chake, maana baba alimhesabu kama mwanawe.

Visu vilikwisha wiki ya Maulidi. Siku chache baadaye yakatokea yale ambayo bila shaka redio ya kwenu imeyasema. Walikuja watu na mapanga, wakaua. Halafu wakaja wanajeshi, na sasa wanachukuliwa waliofanya na wasiofanya. Makamyo ya jeshi yanaondoka na watu, yanarudi matupu. Wavuvi wamekatazwa kuingia ziwani, sokoni hakuna samaki, hata ndagala. Nyumba zinapekuliwa, na kila chenye makali kinaulizwa kimefuliwa na nani, na kwa kazi gani. Visu vipya, vya mkono mmoja, vyenye alama moja! Nani ataamini kwamba ni kumbukumbu ya marehemu? Mfikirie shemeji yako, kaka. Fikiria kuwa mfua chuma mwezi huu.

Casimir alisimamishwa kwenye barieri ya wanajeshi, njiani kwenda Muhuta. Kisu kilikuwa mfukoni pamoja na mihogo yake. Cibalonza alikuja kuniambia akiwa amevaa kiatu mguu mmoja, na mwenyewe hana habari. Casimir hajarudi.

Nikamwambia Abasi avitupe ziwani vile vilivyobaki nyumbani, chake, changu na chako. Yeye ambaye hunikubalia kila kitu, mpaka rangi ya shati lake, siku ile alikataa.

"Mama Mariyamu, unataka nitupe muzee mu maji? Nitaambia Shafii nini?"

"Utamuambia uko muzima!"

"Hapana. Kisu iko ya kupikia, iko mu jikoni. Kila nyumba iko nayo."

Basi alipokwenda msikitini nikaamua kuifuta alama mwenyewe. Nikavichukua visu, nikaingia kibandani kwake kutafuta tupa. Tupa ya Abasi ilikuwa imeazimwa na fundi wa baiskeli, naye amekimbia. Nikapekua kila pembe nikitafuta tupa za baba, mpaka nikakumbuka kwamba ndizo hizo nilizoshika mkononi. Nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu. Nikachukua jiwe la kunolea. Abasi hakudanganya kuhusu kile chuma, nilisugua mpaka vidole vikatoka damu. Niliifuta alama ya baba yangu huku nalia, nikarudisha visu mahali pake, na sikumwambia mtu.

Juzi asubuhi wanajeshi walikuja kupekua. Mmoja alichukua kisu changu jikoni, akapitisha kidole gumba juu yake, kidole kikasimama pale palipong'aa. Alama ingekuwapo labda asingeitazama mara mbili. Alichokiona ni mahali palipofutwa.

"Hapa ilikuwa iko nini?"

Abasi alishtuka, na mshtuko wake ulikuwa wa kweli, kwa sababu hakujua. Nilitaka kusema ni mimi. Sauti haikutoka. Abasi akanitazama mara moja, akaelewa.

"Ni mimi, shefu. Ilikuwa iko kutu."

"Kutu mu kisu mupya?"

Hakumpiga. Ningeona afadhali angemfokea. Alivichukua visu vyote vitatu pamoja na karangamuntu ya Abasi, akamwambia kwa upole aende ofisini komini Jumamosi kukichukua kitambulisho chake. Kaka, wengi wameitwa kwa upole huohuo. Wamekwenda kwa miguu yao, mashati yamepigwa pasi, na wake zao wanangoja mpaka leo.

Nimembembeleza tukimbie kupitia mpakani Kabonga tuje kwako. Bila karangamuntu hapiti barieri hata moja, na akitoroka watamchukua mdogo wake Abdulhamid. Anasema hana kosa, atakwenda. Mimi nitakwenda naye. Juzi sauti ilinikwama, lakini Jumamosi nitasema mbele yao kwamba aliyeshika jiwe ni mimi, kwamba ilikuwa alama ya baba yangu na nimeifuta kwa woga. Labda watanicheka. Naomba wanicheke.

Sasa nisikilize. Cibalonza haji peke yake. Amewashika mkono wanangu, Mariyamu na Sharifa, na unapoisoma barua hii wamesimama mlangoni kwako. Huko njiani anawapitisha kama wanawe. Mpe mahali pa kulala na yeye, hana tena wa kumrudia. Mariyamu atajifanya mkubwa, mwache ajifanye. Sharifa hali chakula cha moto, na usimvue kitambaa chake wakati wa kulala, hatalala. Chuo cha Kurani wasikiache.

Nisalimie wifi Mwavita, shangazi Mwamini na nyumba yote ya mzee Mbaraka. Mwenyezi Mungu awasitiri nyote, na Jumamosi atusitiri na sisi.

Jambo moja limebaki. Watoto nimewaambia wamekuja kukusalimia tu, na kwamba baba na mama wanafuata nyuma. Sharifa aliruka kwa furaha. Mariyamu alinitazama usoni, hakuuliza tutafika siku gani. Akija kukuuliza wewe, nakuomba, kaka yangu, usimtajie siku.

Nakupenda na ninakutegemea,
dada yako,
Kadidja